UZI: Kufunga lenzi ya zamani isiyo na shata kwenye Copal (kamera ya 4x5, Mikindani)

#1 Mvukuto_Mikindani

Wakuu, habari za kazi. Nawaomba mlioshika lenzi za aina hii mnisaidie kwa vipimo, maana mtandaoni maelezo mengi yanaishia "mpelekee fundi".

Kamera ni ya mbao, ya filamu ya inchi 4x5, mvukuto (mfuko wa mikunjo kati ya lenzi na filamu) unanyooka mpaka mm 330. Lenzi ni tatu, zote ni mtungi mtupu, hazina shata (mlango wa kufungua na kufunga mwanga):

– Rodenstock Apo-Ronar 300 mm f/9, ile ya kamera za viwanda vya uchapaji
– Industar-51 210 mm f/4.5, ya Kisovieti
– Rapid Rectilinear ya brasi, ya Uingereza, ya kuchomeka vibati vya matundu vya kupunguza mwanga

Shata iliyopo ni Copal 1 (Copal ni chapa ya shata, namba ni ukubwa wake) ambayo lenzi yake imeliwa na kuvu. Copal 3 inaweza kupatikana Dar. Kazi yenyewe ni Boma, nyumba za mawe za Mikindani, na majahazi yakiwa yametia nanga ghubani. Ipi iingie wapi, na fundi wa mashine ya kukereza aambiwe nini?

#2 Fundi_Shangani

Karibu mkuu. Nikutajie kwanza namba za Copal, kwa sababu ndizo zitakazoamua nusu ya mambo.

Copal 0: nyuzi za skrubu za mbele na nyuma M29.5 x 0.5 (kipenyo mm 29.5, hatua mm 0.5), tundu likifunguka lote ni mm 24, tundu la ubao mm 34.6.
Copal 1: nyuzi M40 x 0.75, tundu mm 30, tundu la ubao mm 41.6.
Copal 3: nyuzi M58 x 0.75, tundu mm 45, tundu la ubao mm 65. Kasi yake inaishia 1/125.

Sasa gawanya urefu wa fokasi kwa namba ya f (kipimo cha uwazi wa lenzi). Apo-Ronar: 300 ÷ 9 = mm 33.3. Hicho ni kipenyo cha mboni (tundu la kupitisha mwanga) unayoiona ukitazama lenzi kwa mbele. Seli ya mbele (kundi la vioo vya mbele) inaikuza kidogo, kwa hiyo mboni halisi ndani ni ndogo kuliko hapo na Copal 1 inatosha. Rodenstock wenyewe waliiuza hii 300 ndani ya Copal 1, kwa hiyo hapo hubahatishi.

Industar: 210 ÷ 4.5 = mm 46.7. Copal 1 itaikaba mpaka kama f/6.3 au f/7. Hii ni ya Copal 3, na hata huko kuna masharti.

Rapid Rectilinear usiikate. Tutairudia.

#3 Mkereza_Ligula

Naongezea juu ya Apo-Ronar kabla hujalipa hela ya kukereza. Fungua seli ya mbele, ijaribu kwenye Copal 1 kwa vidole viwili tu. Baadhi ya mitungi ya Apo-Ronar ilitengenezwa kwa seli zilezile za shata. Ikiingia mizunguko mitatu bila kukwama, nusu ya kazi imekwisha. Ikigoma kwenye mzunguko wa kwanza, simama hapohapo. Nyuzi za Copal ni alumini laini na ukilazimisha umeharibu shata, siyo lenzi.

Lakini jihadhari: nyuzi kuingia si sawa na umbali kuwa sahihi. Seli zinaweza kukaa vizuri kabisa na picha ikawa mbovu pembeni.

#4 Mvukuto_Mikindani

Seli ya mbele imegoma kabisa kutoka kwenye mtungi. Nitumie mafuta ya kulegeza nati?

#5 Fundi_Shangani

Hapana, tafadhali. Mafuta ya kulegeza yanapanda kwenye mwanya mwembamba yenyewe, yanafika kwenye kioo na kwenye majani ya mboni, na kuyatoa ni kazi kuliko kufungua seli.

Anza hivi. Kagua mzunguko wote wa mtungi kwa kioo cha kukuzia, utafute skrubu ndogo ya kuzuia. Mara nyingi imefunikwa kwa rangi nyeusi. Kama ipo, ilegeze. Halafu kata vipande viwili vya tyubu ya baiskeli, kimoja zungusha kwenye seli, kingine kwenye mtungi, shika kwa viganja vyote. Usibinye kwa nguvu. Ukibinya, pete inakuwa yai na ndipo inazidi kukwama. Nguvu iwe ya kuzungusha, siyo ya kukaba.

Ikigoma, tumia joto la mashine ya kukaushia nywele juu ya pete ya nje kwa dakika moja hivi, ujaribu tena. Kwa Apo-Ronar joto hilo halina hatari kubwa kwa sababu ina vioo vinne vilivyotengana, hakuna gundi. Kwa Industar ni tofauti: seli ya nyuma ina vioo viwili vilivyobandikwa, na zile za zamani zilibandikwa kwa utomvu unaolainika kwa joto. Rapid Rectilinear ndiyo kabisa, seli zote mbili zimebandikwa. Hizo mbili usizipashe moto.

Na chochote utakachofanya, usifungue seli yenyewe. Ndani ya kila seli ya Apo-Ronar mna vioo viwili na umbali wao umepangwa kiwandani. Unatoa seli nzima, basi.

#6 Lindi_Mitwero

Mimi naona mnampeleka mwenzetu njia ndefu. Mtungi mzima aufunge mbele ya Copal 3, mambo yaishe. Adapta moja tu: upande mmoja nyuzi za mtungi, upande mwingine M58 x 0.75. Umbali wa seli haujaguswa, mboni ya lenzi inabaki na maandishi yake ya f, na kesho akitaka kuuza lenzi inatoka ilivyokuwa. Shata inakuwa mlango tu wa kufungua na kufunga. Afungue mboni ya shata yote, asiiguse tena.

#7 Mkereza_Ligula

Njia hiyo naipenda, mkuu Lindi, lakini ina hesabu yake na watu wengi wanairuka. Shata ikikaa nyuma ya lenzi, inaweza kukata mwanga unaokwenda kwenye pembe za filamu. Hesabu ni hii:

Upana unaotakiwa = E × (1 − d/v) + D × d/v

E ni mboni (fokasi ÷ namba ya f, kwa lenzi hizi mboni ya nyuma haitofautiani sana). d ni umbali kutoka kwenye mboni ya lenzi hadi kwenye majani ya shata. v ni umbali kutoka kwenye mboni hadi filamu. D ni mshazari wa picha, na kwa 4x5 chukua mm 153.

Apo-Ronar, tuseme d ni mm 40, ukifokasi mbali:
f/22: E ni 13.6. Upana = 11.8 + 20.4 = mm 32.2. Copal 3 inatosha vizuri, Copal 1 inakosa kidogo.
f/9: E ni 33.3. Upana = 28.9 + 20.4 = mm 49.3. Hata Copal 3 inakaba pembe kidogo.

Industar, d mm 35:
f/16: E ni 13.1. Upana = 10.9 + 25.5 = mm 36.4. Copal 3 sawa.
f/4.5: E ni 46.7. Upana = 38.9 + 25.5 = mm 64.4. Copal 3 haifiki.

Kwa hiyo Industar mbele ya Copal 3 ni lenzi ya f/11 na matundu madogo zaidi. Akitaka f/4.5 kwa picha za sura, pembe zitaingia giza, japo katikati patakuwa safi. Na kumbuka D inaongezeka ukiinua ubao wa lenzi. Ukiinua mm 20 ili paa la Boma liingie, hesabu tena kwa D ya mm 180 au zaidi.

#8 Lindi_Mitwero

Hesabu nimeikubali. Niongeze faida moja ambayo kwa mvukuto wa mm 330 ni kubwa: lenzi ikikaa mbele ya shata inasogea mbele ya ubao, tuseme mm 35. Ni kama umeongezewa mvukuto wa bure. Kwa lenzi ya 300 kwenye mm 330, kitu cha karibu kabisa unachoweza kufokasi kipo mita 3.3. Ukipata mm 365, unashuka hadi karibu mita 1.7. Kwa anayepiga milango ya kuchonga hilo si jambo dogo.

Ubaya wake ni uzito. Mtungi mrefu unaning'inia kwenye nyuzi za alumini za shata, na upepo wa kusi ukipiga mvukuto, kila kitu kinatikisika. Weka kigingi cha mbao chini ya mtungi, kikalie kwenye reli ya kamera.

#9 BintiMasasi_Picha

Swali la anayejifunza: kwa nini umbali kati ya seli ni mkubwa hivyo kwenye mazungumzo yenu? Milimita moja itafanya nini?

#10 Fundi_Shangani

Swali zuri sana, dada. Aliyebuni lenzi alipanga kosa la seli ya mbele lifutwe na kosa la seli ya nyuma, na kufutana huko kunategemea miale inafika kwenye seli ya nyuma kwa urefu gani kutoka katikati. Ukibadilisha umbali, miale inafika mahali pengine, makosa hayafutani tena. Kinachoonekana: katikati panakuwa pakali, pembeni panalainika, na ukifokasi pembeni, katikati panapotea. Kubana mpaka f/32 kunaficha kidogo, hakuponyi.

Si lenzi zote zina wivu sawa. Apo-Ronar na jamii yake ya vioo vinne vilivyotengana, pia Tessar na ndugu zake kama Industar, zina wivu mkubwa. Lenga kosa lisizidi mm 0.05. Rapid Rectilinear na Dagor (lenzi nyingine ya zamani), ambazo kila seli imejirekebisha kwa sehemu kubwa yenyewe, zinavumilia mm 0.2 bila kelele.

Ukikuta pete nyembamba ya brasi au karatasi ya bati chini ya seli, hiyo siyo takataka. Ni marekebisho ya kiwanda ya lenzi hiyohiyo moja. Iandike ilipokaa na uirudishe.

#11 Mvukuto_Mikindani

Seli zote mbili zimetoka kwa tyubu na joto, ahsante sana. Haziingii Copal 1, nyuzi ni tofauti. Kabla sijaenda kwa fundi, nipime nini na nini?

#12 Mkereza_Ligula

Rudisha seli zote mbili kwenye mtungi kwanza, zikaze mpaka zikalie. Halafu:

1. Urefu wote, kutoka ukingo wa seli ya mbele hadi ukingo wa seli ya nyuma. Pima mara tano, sehemu tano za mzunguko, kwa vernia (kipimo cha kuteleza cha milimita) isiyochezacheza. Namba hii ndiyo bosi. Mwisho wa kazi, lenzi ikiwa ndani ya shata, lazima urudie namba hiyohiyo.

2. Toa seli. Pima kutoka kikalio cha mbele hadi kikalio cha nyuma kwenye mtungi. Kikalio ni ule ukingo ambao bega la seli linagusa. Usipime mwisho wa nyuzi, nyuzi hazisemi kitu.

3. Kutoka kikalio cha mbele hadi kwenye majani ya mboni, kwa ulimi wa vernia, taratibu usiyakwaruze.

4. Kipenyo cha nje cha nyuzi za kila seli, na hatua ya nyuzi. Kama huna kipimo cha nyuzi, paka seli wino kidogo, ibingirishe kwenye karatasi, hesabu mistari kumi, gawa kwa kumi. Ikija 0.5 au 0.75 au 1.0 umeshapata. Isipoangukia kwenye namba ya milimita, hesabu mistari kwa inchi, na lenzi za Uingereza za zamani utakuta 24 kwa inchi kwenye pete ya kufungia, pembe ya jino digrii 55 badala ya 60.

5. Upande wa shata: unene kutoka kikalio hadi kikalio. Copal 0 na Copal 1 ni mm 20.0, ila upime ya kwako.

Mfano tu wa hesabu: mtungi umetoa mm 26.30. Shata ni 20.00. Bushi mbili (pete za kuunganisha seli na shata) zitagawana mm 6.30. Ukiona mboni ya mtungi ilikuwa 13.8 kutoka mbele, gawa ili mboni ya shata iangukie karibu na hapo. Mboni ikihama mm 1 au 2 kwa lenzi ya 300 kwenye 4x5 hakuna atakayeona. Jumla ya 6.30 ikikosea nusu milimita, ataona.

Na kama mtungi umetoa chini ya mm 20? Hapo seli zinatakiwa kuzama ndani ya shata, na zikiwa na kipenyo kinachozidi mm 40 haziwezi. Usipoteze muda, rudi kwenye njia ya mkuu wa Lindi.

#13 Ndanda_Leth

Kwa upande wa mashine. Bushi ya Copal 1: nyuzi za nje M40 x 0.75, zikereze kipenyo cha mm 39.92 kabla ya kukata jino, kina cha jino mm 0.46, urefu wa nyuzi mm 4 unatosha. Kwenye mwanzo wa bega weka mfereji mdogo wa mm 1 ili bega likalie bapa. Bila mfereji ule, jino la mwisho halijakamilika, bushi inasimama kabla ya kukalia, na umbali wote umeharibika. Hili ndilo kosa ninaloliona kubwa kuliko yote.

Upande wa ndani, nyuzi za seli, usikate kwa kuamini namba za vernia peke yake. Seli iwe mkononi, jaribu baada ya kila mkato wa mwisho wa mm 0.02. Na nyuzi za ndani, za nje na vikalio vyote vikatwe bila kutoa kipande kwenye taya. Ukikitoa ukakigeuza, katikati ya seli ya mbele na ya nyuma hazitakutana. Kwa sababu hiyo kereza bushi kwenye ncha ya fito ndefu, uikate mwishoni kabisa.

Mashine ya inchi inaweza kukata nyuzi za milimita ikiwa na gia ya meno 127. Muulize fundi mapema. Asiyekuwa nayo atakwambia "inakaribiana", na kukaribiana kwenye 0.75 kunakwama mzunguko wa pili.

Malighafi: fito ya alumini ya kiwandani au brasi. Alumini ya kuyeyusha pistoni na sufuria ina vitundu ndani, jino la mm 0.46 linamumunyika. Kwa alumini dondoshea mafuta ya taa wakati wa kukata. Kwa brasi kata mkavu, kisu kisiwe na mwinamo wa mbele, la sivyo kinajivuta ndani ya chuma na kipande kinaruka.

Bushi ni nyembamba. Taya tatu zikikaza zinaifanya pembetatu, ukiitoa inalegea na nyuzi zinapoteza mviringo. Tumia pete iliyopasuliwa kati ya taya na kipande.

#14 BintiMasasi_Picha

Na printa ya plastiki? Mjini zipo sasa.

#15 Ndanda_Leth

Kwa adapta ya mbele ya shata inafaa, ikiwa na ukuta wa mm 4 na skrubu tatu za kubana. Kwa bushi za seli hapana, nyuzi za 0.75 hazitoki vizuri na za 0.5 hazitoki kabisa. Plastiki ya PLA inalainika karibu na digrii 60, na gari lililofungwa juani Lindi linafika huko. Tumia PETG au ABS. Paka ndani rangi nyeusi isiyong'aa hata kama plastiki ni nyeusi, kuta nyembamba zinapitisha mwanga.

#16 Fundi_Shangani

Nyeusi isiyong'aa iwe hata kwenye bushi za chuma, kila mahali ambapo mwanga unapita. Alumini tupu ndani ya lenzi inaleta duara jeupe katikati ya picha ukipiga kuelekea baharini. Nyuzi zenyewe usizipake, rangi inaongeza unene.

Jambo la pwani: brasi na alumini zikigusana penye unyevu wa chumvi zinalana. Baada ya masika mawili, bushi ya brasi kwenye Copal haitoki tena. Sugua nta ya mshumaa kidogo sana kwenye nyuzi kabla ya kufunga. Siyo grisi, grisi inatambaa mpaka kwenye majani ya shata.

#17 Mvukuto_Mikindani

Bushi zimekamilika. Urefu wote wa awali ulikuwa mm 61.40, sasa ni 61.52. Je, niiache?

#18 Mkereza_Ligula

Usiiache. Mm 0.12 ni nyingi kwa lenzi hiyo, na kupunguza ni rahisi kuliko kuongeza. Kwanza hakikisha hakuna chembe ya alumini chini ya bega, hiyo peke yake inaweza kuwa 0.1. Safisha nyuzi kwa brashi ya meno, kaza upya, pima. Ikibaki 61.52, laza karatasi ya msasa namba 600 juu ya kipande cha kioo cha dirisha, sugua kikalio cha bushi ya nyuma kwa mzunguko wa nane, ukipima kila baada ya mizunguko kumi. Ishike bapa, isiinamie upande.

#19 Fundi_Shangani

Ukishafika 61.40, jaribio la macho. Nenda alfajiri kabla mvuke wa joto haujaanza kucheza juu ya maji. Ukiwa Mikindani tazama minazi ng'ambo ya ghuba. Ukiwa Lindi mjini tazama Kitunda. Fokasi katikati ya kioo kwa lenzi iliyo wazi, f/9, ukitumia kioo cha kukuzia. Sasa hamisha jicho pembeni bila kugusa fokasi. Minazi ileile ukiizungusha kamera ifike kwenye pembe, iwe karibu na ukali wa katikati. Pembe zote nne zikiwa laini sawasawa, umbali bado si sahihi. Pembe moja tu ikiwa laini, kikalio kimeinama au ubao wa kamera haujanyooka. Geuza lenzi nusu mzunguko kwenye ubao: ulaini ukihama nayo, kosa ni la bushi; ukibaki palepale, kosa ni la kamera.

#20 Mvukuto_Mikindani

Ni 61.41 sasa na pembe zote zimetulia. Limebaki suala la namba za f. Shata ina bamba la lenzi ya 150 mm.

#21 Lindi_Mitwero

Bamba hilo linakupa makadirio tu. 300 ni mara mbili ya 150, kwa hiyo ukisoma 5.6 chukulia f/11, ukisoma 11 chukulia f/22. Si sahihi kamili, kwa sababu kila lenzi inaikuza mboni kwa kiasi chake.

Njia ya kweli haihitaji chombo. Fokasi mbali kabisa. Toa kioo cha kufokasia, weka mahali pake kadibodi nyeusi yenye tundu la sindano katikati, na nyuma ya tundu weka tochi ya simu. Mwanga ukipita kwenye lenzi kinyumenyume unatoka mbele ukiwa mnyoofu, hautanuki wala haubanwi. Shika karatasi ya kunakilia mbele ya lenzi, utaona duara. Kipenyo cha duara ndicho mboni. Sogeza mkono wa shata mpaka duara lisome:

f/11 – mm 26.5
f/16 – mm 18.8
f/22 – mm 13.3
f/32 – mm 9.4
f/45 – mm 6.6
f/64 – mm 4.7

Weka alama kwenye ukanda wa karatasi uliobandikwa juu ya bamba, kisha funika kwa selotepu ya kung'aa. Ifanye chumba kikiwa na giza. Kwenye f/64 kosa la nusu milimita ni karibu theluthi ya stopu (hatua ya mwanga kuwa maradufu au nusu), kwa hiyo duara dogo lipime mara tatu.

#22 Ndanda_Leth

Na kasi zipimwe kabla hujalaumu namba za f. Shata iliyolala miaka pwani huwa nzito kuanzia sekunde 1 hadi 1/8. Video ya simu ya picha 240 kwa sekunde inatosha mpaka 1/30, ambayo itaonekana wazi kwenye picha 8. Kwenye 1/125 utapata mbili tu, usiiamini. Kwa kasi za juu, unganisha kihisi cha mwanga kwenye tundu la maikrofoni la simu, urekodi kama sauti, usome urefu wa mawimbi.

Ikiwa nzito, safisha kwa petroli nyeupe ya viberiti, penye hewa, mbali na jiko. Majani ya shata yabaki makavu kabisa. Tone la mafuta ya saa, kwa ncha ya sindano, ni kwa mihimili ya gia za kuchelewesha peke yake.

#23 BintiMasasi_Picha

Rapid Rectilinear mlisema mtairudia.

#24 Fundi_Shangani

Ndiyo. Aina hiyo Dallmeyer aliitoa mwaka 1866, na mwaka huohuo Steinheil wa Ujerumani akatoa ya kwake ya namna hiyohiyo, Aplanat. Mtungi wa brasi wenye nyuzi za asili na mwanya wa vibati ukishakatwa haurudi, wala hauhitaji kukatwa.

Piga bila shata. Karatasi ya picha nyeusi na nyeupe ukiitumia kama negativu, ichukulie ISO 6: jua kali, f/32, ni karibu theluthi mbili ya sekunde, f/45 ni sekunde 1.3, f/64 ni sekunde 2.7. Kofia ya lenzi inatosha. Kwenye sekunde moja, mkono ukikosea moja ya tano, umekosa robo ya stopu tu. Filamu ya ISO 100 kwa f/32 ni 1/25, mkono hauwezi. Weka kichujio cha giza cha stopu 6, inakuwa sekunde 2.6, halafu angalia jedwali la filamu yako uongeze kinachotakiwa kwa kupita sekunde moja. Karatasi haioni wekundu, kwa hiyo anga itatoka nyeupe tupu na milango ya mninga itatoka nyeusi kuliko ilivyo.

Vibati vya matundu ukiwa huna, kata kadibodi nyeusi ngumu au bati jembamba, tundu ulipime kwa njia ya karatasi ya kunakilia ya mkuu Lindi.

Kwa Boma na nyumba za mawe hiyo inatosha. Jahazi hata likiwa nangani linayumba, mlingoti utakuwa ukungu.

#25 Lindi_Mitwero

Kwa anayetaka kasi bila kukata mtungi, kuna shata ya Packard, inakaa nyuma ya ubao na kufunguliwa kwa kubinya balbu ya hewa. Zile zenye pini ya papo kwa papo zinatoa karibu 1/25. Mpira wa asili unaoza kwa joto. Balbu ya kipima presha inafaa badala yake, lakini toa valvu zote mbili na uzibe tundu la nyuma. Ukiiacha valvu, shata inafunguka na haifungi, kwa sababu hewa lazima irudi kwenye balbu ili pistoni irudi.

#26 Mvukuto_Mikindani

Nimeelewa. Apo-Ronar ibaki ndani ya Copal 1 kwa majahazi, Industar nisubiri Copal 3, Rectilinear kwa kofia. La mwisho: mtungi wa Apo-Ronar uliobaki mtupu niutupe?

#27 Mkereza_Ligula

Utunze, pamoja na pete yake ya kufungia. Ndicho kipimo chako cha asili. Siku seli zikifunguliwa kusafishwa kuvu, utazirudisha humo kwanza upime 61.40, ndipo uzirudishe kwenye shata. Uhifadhi kwenye kopo linalofunga, na silika jeli unayoikausha kila mwezi wakati wa masika.